Shira na Peremende za Matunda ya Msimu: Mwongozo wa Kupika Pamoja na Watoto

Kila matunda yanapoiva kwa wingi, wanaoanza huuliza maswali yale yale: ni matunda gani yanayofaa, mtoto wa umri gani aruhusiwe kukaribia jiko, kwa nini shira imechacha baada ya siku chache, kwa nini peremende zimekataa kuganda, na kwa nini mtoto aliyeanza kwa shangwe ameondoka jikoni kabla sufuria haijapata moto. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kilo 2 za matunda ya msimu zinazotoa shira ya kuchanganyia kinywaji na, kutokana na rojo linalobaki kwenye chujio, peremende laini za kukatwa vipande.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba mtoto apewe kazi ya kweli, yaani kazi ambayo asipoifanya, kitu hakipatikani. Mtoto anayekabidhiwa kijiko na bakuli tupu ili aonekane naye anapika hutambua upesi kwamba anazugwa, na hapo ndipo anapoanza kuchezea visu na swichi za jiko. Nimechagua shira na peremende hizi kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake haina moto. Kuosha, kuchambua, kukata, kukamua, kupima, kusugua rojo kwenye chujio, kuonja na kuviringisha peremende kwenye sukari ni kazi za mtoto. Sehemu ya moto ni ya mtu mzima, isipokuwa ile kazi moja ya kukoroga shira isiyochemka ambayo mtoto mkubwa anaruhusiwa hapa chini, na haina mjadala.

Kuchagua matunda

Tunda lolote lenye ladha kali linafaa kwa shira. Kwa peremende inakubidi uchague zaidi, kwa kuwa kinachofanya rojo ligande ni pektini, kitu cha asili kilichomo ndani ya matunda ambacho hushika maji kinapokutana na uchachu na sukari ya kutosha kwenye moto. Matufaha, mapera, plamu na jamii ya machungwa yana pektini nyingi. Stroberi, mananasi na pichi zilizoiva sana zina pektini kidogo, kwa hiyo changanya nusu yake na matufaha au mapera, na hutapata shida. Ni vizuri pia robo ya matunda yako yawe yameiva kiasi tu bila kulainika, kwa sababu pektini hupungua jinsi tunda linavyozidi kuiva.

Tunda lililopondeka upande mmoja laweza kukatwa sehemu mbaya na kutumika. Tunda lenye ukungu litupwe lote, hata kama doa ni dogo.

Vitu vya kuandaa

Kusanya kila kitu mezani kabla hujamwita mtoto, kwa maana kumsubirisha wakati unatafuta chujio ndiyo njia ya haraka zaidi ya kumpoteza.

- Matunda kilo 2, uzito baada ya kuondoa kokwa na sehemu mbovu
- Sukari nyeupe kilo 2, ingawa huenda isitumike yote
- Malimau 6 au ndimu 8
- Maji safi nusu lita kwa matunda yenye maji mengi, au mililita 800 kwa matunda magumu kama matufaha na mapera
- Sufuria kubwa yenye kitako kizito, ya stili au yenye enameli
- Mwiko wa mti wenye mpini mrefu
- Chujio la waya na kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa
- Mizani, jagi la kupimia lenye alama za mililita, na bakuli tatu
- Ubao wa kukatia, na kitambaa chenye unyevu cha kuuweka chini yake ili usiteleze
- Chupa ndogo za kioo zenye vifuniko vinavyobana, za mililita 250 hadi 500
- Trei ya sentimita 20 kwa 30 hivi, na karatasi ya kuokea
- Kisahani kimoja kilichokaa kwenye friza
- Kipimajoto cha jikoni, ukiwa nacho

Sufuria nyembamba ya alumini haifai kazi hii. Rojo lenye sukari huungua kwenye kitako chembamba, na uchachu wa matunda unapokaa muda mrefu kwenye alumini isiyofunikwa hutoa ladha ya chuma.

Nani afanye nini

Umri unaotajwa hapa ni wa kukadiria, kwa kuwa watoto hawalingani, na mzazi ndiye anayejua mwanawe anafika wapi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anaweza kuosha matunda kwenye beseni, kutoa vikonyo, kuhesabu malimau, na siku ya mwisho kuviringisha peremende kwenye sukari. Wa miaka 5 hadi 7 anaweza kukata matunda laini kwa kisu cha mezani kisicho na makali, kukamua malimau, kusugua rojo kwenye chujio na kumwaga sukari kwenye mizani hadi namba inayotakiwa. Kuanzia miaka 8 hivi, mtoto aliyefundishwa anaweza kutumia kisu kidogo chenye makali akiwa na mtu mzima pembeni yake, na anaweza kabisa kupiga hesabu za uwiano wa sukari na juisi. Mwenye miaka 11 na kuendelea anaweza kukoroga shira ikiwa kwenye moto mdogo kabla haijaanza kuchemka. Kumwaga shira ya moto kwenye chupa na kupika rojo ni kazi za mtu mzima kila wakati, hata kama mtoto ni hodari namna gani.

Tahadhari ambazo hazirukwi

Sukari inayochemka huunguza vibaya kuliko maji, kwa sababu joto lake hupita nyuzi 100 na inapodondokea ngozi hunata badala ya kutiririka. Weka mpaka unaoonekana, kwa mfano utepe uliobandikwa sakafuni mita moja kutoka lilipo jiko, na mwambie mtoto kwamba jiko likiwashwa mpaka huo hauvukwi. Mpini wa sufuria uelekee ndani daima.

Mtoto akiungua, peleka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, ukimvua nguo zisizoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala barafu. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, au likitoa malengelenge, mpeleke hospitali.

Mapishi haya hayana asali, na watu huuliza kama wanaweza kuitumia badala ya sukari. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kwa namna yoyote, hata iliyochemshwa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu) ambavyo moto wa nyumbani hauviui. Pia, mtoto mdogo anaweza kupaliwa na peremende. Kwa walio chini ya miaka 4 kata vipande vyembamba sana, na waketi wanapokula. Lozi, karanga na njugu nyingine nzima zisiwekwe ndani ya peremende za watoto walio chini ya miaka 5.

Siku ya kwanza: kukata, kuchemsha na kuchuja

Gawa kazi katika siku tatu au nne. Wanaojaribu kumaliza yote kwa mchana mmoja ndio wanaoishia na watoto wanaolia na rojo lililoungua.

1. Kila mtu aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, nywele ndefu zifungwe, na mikono ya nguo ikunjwe.

2. Weka beseni la maji mahali mtoto anapofika akiwa amesimama imara, na mwachie matunda yote. Mwelekeze ayapange katika vikapu viwili, cha mazuri na cha yanayohitaji kuangaliwa na wewe. Kazi hii ya kuchambua huonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfundisha kuligeuza tunda, kulibonyeza kidogo na kulinusa kabla ya kuamua.

3. Kata matunda vipande vya sentimita 2 hivi. Usimenye matufaha wala mapera, kwa sababu maganda yana pektini na yatabaki kwenye chujio. Menya embe, nanasi na machungwa. Mfundishe mtoto kwanza wewe ulipasue tunda katikati, kisha yeye alilaze upande ulio bapa chini ili lisibiringike. Vidole vya mkono unaoshika tunda vikunjwe ndani, kucha zikielekea ubaoni, ili kisu kikutane na viungo vya vidole badala ya ncha zake. Kwa mtoto mdogo zaidi tumia mshiko wa daraja: kidole gumba upande mmoja wa tunda, vidole vingine upande wa pili, na kisu kipite chini ya uwazi uliobaki katikati.

4. Weka matunda, maji na mbegu za malimau mawili zilizofungwa kwenye kitambaa kidogo ndani ya sufuria. Mbegu hizo huongeza pektini. Kuanzia hapa mtoto arudi nyuma ya mpaka.

5. Chemsha kwa moto wa wastani dakika 20 hadi 30, sufuria ikiwa imefunikwa nusu, mpaka matunda yapondeke kwa mgongo wa mwiko. Usiongeze maji kwa kuhofia kwamba ni machache. Maji mengi hukupa shira isiyo na ladha na rojo litakalodai muda mrefu mno motoni.

6. Acha sufuria ipoe mpaka iwe vuguvugu kabisa, kisha tandika kitambaa juu ya chujio lililowekwa juu ya bakuli kubwa, na umimine. Funika, uache ndani ya friji usiku kucha. Vitabu vingi hukataza kukamua kitambaa kwa sababu juisi huwa na ukungu. Kwa shira ya nyumbani sioni sababu ya kumnyima mtoto raha hiyo asubuhi inayofuata, ilimradi ajue kwamba kinywaji chake hakitakuwa angavu.

Siku ya pili, asubuhi: shira

7. Toa kitambaa, rudisha rojo kwenye chujio tupu juu ya bakuli jingine, na mpe mtoto kijiko cha mti alisugue mpaka maganda na mbegu tu vibaki juu. Hii ni kazi ya nguvu inayochukua muda, na watoto huipenda kuliko watu wazima wanavyodhani, kwa sababu kila msuguo hudondosha kitu kinachoonekana upande wa pili. Kwangua pia sehemu ya nje ya chini ya chujio, maana rojo jingi hunasa huko. Rojo hilo liweke friji.

8. Osha chupa kwa maji moto na sabuni, zisuuze, kisha zichemshe ndani ya maji kwa dakika 10. Ukiishi mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari, ongeza dakika moja kwa kila mita 300, kwa sababu maji ya huko huchemka kwa joto dogo zaidi. Ziache ndani ya maji hayo moto hadi utakapozihitaji.

9. Pima juisi kwa jagi, kisha mpe mtoto hesabu: kila lita 1 ya juisi inataka gramu 700 za sukari na maji ya malimau 4. Ikiwa juisi ni mililita 1,100, sukari ni gramu 770. Mwache akokotoe mwenyewe na amimine sukari kwenye mizani taratibu, akisimama namba inapofika.

10. Unganisha juisi, sukari na maji ya malimau kwenye sufuria, na ukoroge juu ya moto mdogo mpaka usisikie chembe za sukari zikikwaruza kitako. Hapo ongeza moto, ichemke kwa dakika 5, na uondoe povu kwa kijiko. Usipitishe dakika hizo kwa kudhani shira itakuwa bora ikiwa nzito. Ladha ya tunda bichi hupotea na pektini huanza kuigandisha, nawe ulikuwa unataka kinywaji.

11. Toa chupa majini kwa koleo, zimwage maji, na uzijaze shira zikiwa bado za moto. Shira ya moto ndani ya chupa baridi huipasua. Acha nafasi ya sentimita 2 juu, funga, na zikipoa mtoto aandike jina la tunda na tarehe kwenye kibandiko. Ziweke friji na uzitumie ndani ya wiki 2. Zisizohitajika upesi ni heri zigandishwe kwenye friza katika vyombo vya plastiki au trei ya barafu, kwa kuwa shira hii haina sukari ya kutosha kuilinda ikikaa rafuni.

Siku ya pili, mchana: peremende

12. Pima rojo. Kwa kila kilo 1 weka gramu 800 za sukari na maji ya malimau 2. Usipike zaidi ya kilo 1 ya rojo kwa mara moja. Sufuria iliyojaa huchukua muda mrefu kiasi kwamba sukari huanza kuungua kabla maji hayajakauka.

13. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei kabla ya kuwasha moto. Vaa nguo ya mikono mirefu, kwa sababu rojo likianza kuwa zito hurusha matone.

14. Pika kwa moto mdogo ukikoroga. Dakika 20 za mwanzo unaweza kukoroga mara kwa mara tu. Baada ya hapo usiache mwiko, na upitishe kila kona ya kitako. Rojo litabadilika rangi na kukoza, mapovu madogo mengi yatageuka kuwa makubwa machache yanayopasuka kwa mshindo, na utasikia mwiko ukizidi kuwa mzito mkononi. Kwa jumla kazi huchukua kati ya dakika 40 na 60.

15. Fanya majaribio mawili kabla ya kuzima moto. La kwanza, pitisha mwiko katikati ya sufuria: kitako kionekane wazi kwa sekunde mbili au tatu kabla rojo halijarudi kukifunika. La pili, dondosha tone kwenye kisahani kilichotoka friza, subiri dakika moja, kisha lisukume kwa kidole: uso wake ukunjane, na lisitiririke. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 106. Kipimajoto kijaribiwe kwanza kwenye maji yanayochemka, na kikisoma, tuseme, nyuzi 97 kwa sababu ya mwinuko wa mahali ulipo, basi lengo lako ni 103.

Kosa kubwa la wanaoanza liko hapa: huchoka kukoroga, huona rojo limekuwa zito kama asali, nao huzima moto. Zito la moto si sawa na lililoganda. Yaamini majaribio mawili, usiliamini jicho lililochoka.

16. Mimina kwenye trei, sambaza haraka kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji hadi unene wa sentimita moja na nusu au mbili, na weka trei mahali pa juu ambapo mtoto hafiki mpaka ipoe kabisa. Uso hupoa mapema na kudanganya, huku ndani bado kukiwa na moto wa kuunguza.

Siku ya tatu na ya nne: kukausha, kukata na kupaka sukari

17. Funika trei kwa kitambaa chepesi kinachozuia wadudu bila kugusa peremende, na uiache mahali penye hewa kwa saa 24. Geuza bamba lote juu ya karatasi nyingine, bandua ile ya kwanza, na uache saa 12 zaidi ili upande wa chini nao ukauke. Kukiwa na unyevu mwingi hewani, tumia ovena kwa nyuzi 60 hadi 80, mlango ukiwa wazi kidogo, kwa saa 2 au 3.

18. Kata miraba ya sentimita 2 kwa kisu kilichochovywa maji moto na kufutwa kila baada ya mkato. Mtoto wa miaka 8 anaweza kufanya kazi hii, kwa kuwa bamba halitelezi.

19. Miraba ikigusika bila kunata, wakabidhi watoto wote bakuli la sukari na waviringishe. Waambie wachukue vipande vichache kwa wakati mmoja na wavitikise ili sukari ya ziada idondoke. Ukipaka mapema, wakati vipande bado vina maji usoni, sukari huyeyuka na kugeuka ute.

20. Panga ndani ya kopo, karatasi ikitenganisha kila tabaka, na uweke mahali pakavu penye ubaridi. Zitakaa wiki 3 au 4 bila shida. Zisiwekwe friji zikiwa zimepakwa sukari, kwa sababu unyevu wa humo huzilowesha.

Kuchanganya kinywaji

Sehemu moja ya shira kwa sehemu nne za maji baridi ndiyo pa kuanzia. Katika glasi ya mililita 200 hiyo ni mililita 40 za shira, zenye sukari ya gramu 20 hivi, yaani vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa mtoto mdogo, glasi moja hiyo ni sehemu kubwa ya kiasi hicho, hivyo kinywaji hiki kiwe cha siku maalumu, na mtoto mdogo achanganyiwe kwa maji sita au saba badala ya manne. Hatalalamika kama ndiyo ladha aliyoanza nayo.

Msimu wa joto, mwache mtoto aponde majani machache ya mnanaa kwa mkono na kuyatia ndani ya jagi. Msimu wa baridi, tumia maji vuguvugu na vipande vyembamba vya tangawizi vilivyolowekwa kwa dakika 10. Ukitaka maji yenye gesi, tia shira kwanza, halafu maji taratibu kwa kuinamisha glasi, la sivyo povu litamwagika mezani. Kwa barafu za kijiti, changanya sehemu moja ya shira na tatu za maji, kwa sababu ubaridi hufifisha utamu ulimini.

Mambo yakienda kombo

Peremende hazikuganda hata baada ya siku mbili. Zirudishe sufuriani pamoja na maji ya limau moja na vijiko viwili vya maji, upike tena mpaka majaribio yote mawili yakubali. Zisipoganda mara ya pili, matunda yalikosa pektini. Litumie rojo hilo kama jamu, kwenye friji.

Peremende zinatoa maji. Ama hazikukauka vya kutosha, ama zimefungiwa kwenye kopo zikiwa na uvuguvugu. Zifute, zianike siku moja zaidi bila kufunikwa na kopo, kisha zipake sukari upya.

Rojo limeshika chini. Usikwangue kitako. Mimina sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine mara moja, uonje, na kama haina uchungu endelea kwa moto mdogo zaidi.

Shira imeganda chupani. Ilichemshwa muda mrefu au tunda lilikuwa na pektini nyingi mno. Weka chupa ndani ya maji vuguvugu, tikisa, na uchanganye kinywaji kwa maji vuguvugu kabla ya kuongeza barafu.

Shira ina uchungu. Mara nyingi ni ngozi nyeupe ya machungwa iliyobaki kwenye vipande, au mbegu zilizosagwa kwa mashine. Uchungu hauondoki kwa kuongeza sukari, ila hupungua ukiichanganya na shira ya tunda jingine.

Mtoto amechoka katikati ya kazi. Mwache aende, na umwite kwenye hatua ya kupima au ya kupaka sukari. Usimalize hatua hizo bila yeye kwa kutaka kuwahi.

Nataka kupunguza sukari. Kwenye shira unaweza kushuka hadi nusu ya kipimo, ila itumie ndani ya siku 3 au 4 au uigandishe. Kwenye peremende usipunguze chini ya gramu 700 kwa kilo ya rojo, kwa kuwa sukari ndiyo inayosaidia pektini kushika na ndiyo inayozuia ukungu.

Natumia gelatini badala ya pektini na haishiki. Nanasi, papai na kiwi mbichi zina kimeng'enya kinachoivunja gelatini. Chemsha tunda dakika chache kwanza, na itashika.

Kifuniko cha chupa kimevimba, au shira inatoa vipovu. Imeanza kuchacha, na gesi iliyomo inaweza kuipasua chupa. Waondoe watoto jikoni, ifunike chupa kwa taulo nene, ifungue taratibu juu ya sinki ukiwa umegeuza uso, na uimwage. Vivyo hivyo, ukiona ukungu juu ya shira au kwenye kipande kimoja cha peremende, usiondoe sehemu iliyoharibika na kubakiza nyingine. Mwaga chupa nzima, au tupa kopo zima la peremende, kisha uchemshe chombo upya kabla ya kukitumia tena.